Machale katika hisabati na katika matatizo ya kila siku: yanatoka wapi, na yaaminiwe kwa kiasi gani?

Mdadisi wa Jioni aliandika:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nina swali ambalo limenisumbua kwa majuma kadhaa, na ningependa kulijadili na watu waliolifikiria kwa undani kuliko mimi.

Nimerudi kusoma hisabati nikiwa mtu mzima, kwa kujifundisha mwenyewe baada ya kazi. Mara nyingi jibu la swali hunijia kabla sijashika kalamu. Nilipokutana kwa mara ya kwanza na jumla za namba witiri, yaani 1, kisha 1 na 3, kisha 1 na 3 na 5, nilijua papo hapo kwamba kila jumla ingekuwa mraba, kwa sababu niliona akilini mraba wa vitone ukivishwa ukanda wenye umbo la herufi L: kwanza ukanda wa vitone vitatu, halafu wa vitano, halafu wa saba. Sikuhesabu chochote. Niliona tu, na nilichokiona kilikuwa sahihi.

Basi nikajiamini. Juma lililofuata nikakutana na swali hili: weka nukta kwenye mzingo wa duara, unganisha kila nukta na nyingine zote kwa mistari iliyonyooka, kisha hesabu vipande vilivyopatikana ndani ya duara. Nukta moja inatoa kipande 1, mbili vipande 2, tatu 4, nne 8, tano 16. Je, nukta sita? Machale yalinicheza kwa sauti ileile ya mwanzo, yakaniambia 32, wala sikuona haja ya kuchora. Kitabu kikasema 31. Sikuamini, nikachukua karatasi. Nilichora pembesita yenye pande zinazolingana, nikahesabu mara mbili, nikapata 30, jambo lililonikera zaidi kwa kuwa sasa nilikuwa na majibu matatu. Ilinichukua muda kugundua kwamba mistari mitatu mirefu ilikuwa ikikutana palepale katikati. Niliposogeza nukta moja kidogo tu, katikati pakafunguka pembetatu ndogo kama ncha ya kalamu, na hicho ndicho kilikuwa kipande cha 31.

Kinachonisumbua si kukosea, maana kukosea nimezoea. Kinachonisumbua ni kwamba hisia zile mbili zilifanana kabisa kwa ndani: uhakika uleule, utulivu uleule, na hata uvivu uleule wa kutotaka kuhakiki. Moja ilikuwa kweli na nyingine uongo. Je, machale haya ni kitu gani hasa? Ni maarifa yaliyojificha, au ni kubahatisha ambako tunakukumbuka pale tu tunapopatia? Na kama hayana alama inayotenganisha ya kweli na ya uongo, mtu afanye nini nayo? Ningeomba pia wale ambao kazi yao ni kutafuta hitilafu katika mitambo, au kazi yoyote ya namna hiyo, watueleze kama kwao hali ni hiyohiyo.

---

Nusukipenyo alijibu:

Ndugu Mdadisi, nimefundisha hisabati kwa miaka mingi, na swali lako ni bora kuliko mengi ninayoulizwa darasani, kwa hiyo utaniwia radhi nikirefusha.

Kwanza tutenganishe maneno, kwa maana lugha yetu inayo kadhaa na tunapenda kuyachanganya. Silika ni ile tunayozaliwa nayo. Mtoto mchanga hafundishwi kunyonya. Machale, kwa matumizi ya kawaida, ni onyo: moyo unasita kabla ya hatari bila mtu kujua sababu. Ulichokieleza wewe hukuzaliwa nacho, wala si onyo. Ni utambuzi. Umeiona sura fulani nawe umeijua, kama unavyoujua uso wa ndugu yako katika umati bila kupima urefu wa pua yake. Nitaendelea kuyaita machale kwa kuwa ndilo neno ulilolianzisha, lakini naomba tukumbuke kuwa tunazungumzia utambuzi.

Wazo hili si langu. Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alishikilia kwamba tunachokiita hisia ya ndani ya mbobezi ni kutambua tu, na kwamba anachokitambua kimo katika kumbukumbu yake. Mwaka 1973 yeye na mwenzake William Chase walichapisha majaribio ya sataranji. Mchezaji alionyeshwa ubao kwa sekunde chache, kisha akatakiwa kuzipanga kete upya kwa kumbukumbu. Ubao ulipotoka katika mchezo halisi, bingwa alimwacha mbali sana mchezaji wa kawaida. Lakini kete ziliposambazwa ovyo ovyo, ubingwa wake haukumsaidia karibu chochote. Kwa hiyo bingwa hana macho makali kuliko mimi na wewe, ila anazifahamu sura ambazo mchezo wa kweli huzizalisha. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na hapa vimeundwa kwa maelfu ya saa ambazo mtazamaji hakuziona.

Sasa turudi kwenye duara lako. Ulipotazama jumla za namba witiri, uliona umbo, yaani ule ukanda unaovishwa mraba, na sababu ya jibu ilikuwa ndani ya picha yenyewe. Ulipotazama 1, 2, 4, 8, 16, hukuliona duara hata kidogo. Uliona orodha ya namba, na orodha hiyo uliitambua kwa kuwa umekutana nayo mara nyingi mahali pengine. Ulimtambua mtu kwa koti lake. Kwa hiyo sikubaliani nawe kwamba hisia zako mbili zilikuwa sawa. Uhakika ndio uliokuwa sawa. Kilichotambuliwa kilikuwa tofauti.

Litazame duara lenyewe. Chora mstari mmoja mpya, ukiuvuta polepole. Kila unapoukata mstari wa zamani, unakuwa umemaliza kukigawa kipande kimoja na unaingia kingine. Ukifika kwenye mzingo, unakuwa umekigawa cha mwisho. Kwa hiyo kila mstari unaongeza kipande kimoja, na kila makutano ndani ya duara yanaongeza kipande kimoja. Makutano yanatoka wapi? Chagua nukta nne zozote: kati ya mistari inayoziunganisha, miwili itakatana ndani, na ni mara moja tu. Basi hesabu yote ni 1, jumlisha idadi ya jozi za nukta, jumlisha idadi ya makundi ya nukta nne nne. Kwa nukta sita jozi ni 15 na makundi ya nne ni 15, hivyo jumla ni 31. Pembesita yako ilipoteza kipande kimoja kwa sababu makutano matatu yalirundikana mahali pamoja. (Kwa nukta kumi hesabu hii inatoa 256, ambayo imo katika ile orodha ya kuzidisha kwa mbili. Ni sadfa tupu, ingawa nimewahi kuona wanafunzi wakiishangilia kana kwamba orodha yao imeomba radhi na kurudi nyumbani.)

Nitatoa mfano mmoja zaidi, kwa sababu unaonyesha kwamba machale mabovu yanaweza kutengenezwa. Fikiria kamba iliyoizunguka Dunia kwenye ikweta, kama kilomita 40,000. Ongeza mita moja tu, kisha inyanyue kamba yote kwa usawa. Itaachana na ardhi kwa kiasi gani? Karibu kila mtu husema hata karatasi haitapita. Jibu ni kama sentimita 16, na kwa mpira wa miguu lingekuwa hilohilo. Unaweza kumwandikia mwanafunzi kanuni ya mzingo naye akakubali, lakini moyo wake utabaki pale pale. Mimi humwambia aache duara, achore mraba uliozungushiwa kamba, kisha aisogeze kamba nje kwa umbali ulio sawa kila upande. Ile mistari minne mirefu haikuhitaji kamba zaidi, imesogea tu. Kamba ya ziada yote imekwenda kwenye pembe, vipande viwili kwa kila pembe, vinane kwa jumla. Mita moja ukiigawa kwa nane ni sentimita 12.5, uwe mraba wa kisanduku cha kiberiti au wa kilomita elfu. Mwanafunzi anapoziona zile pembe nne, uso wake hubadilika, na kesho yake hakumbuki tena kwa nini jambo hilo lilimshangaza.

---

Thibitisha Kwanza alijibu:

Mwalimu ameeleza kwa ufasaha, lakini naona ameyatetea machale kwa hila kidogo. Yakipatia, anasema yametambua umbo; yakikosea, anasema yametambua koti. Ikiwa ni lazima tusubiri jibu ndipo tujue kilichotambuliwa kilikuwa kipi, basi hatujaelezwa kitu.

Tena mifano ya duara na kamba ni ya wanaojifunza. Tuwatazame mabingwa wenyewe. Gauss, mwanahisabati wa Ujerumani, akiwa bado kijana, aligundua kwa kuzipekua orodha za namba tasa kwamba zinazidi kuwa adimu kadiri namba zinavyokua, kwa utaratibu unaokadiriwa na fomula ya logarithi, na baadaye makadirio hayo yakaboreshwa. Chini ya milioni moja kuna namba tasa 78,498, na fomula inatoa takriban 78,628. Yaani inazidi idadi halisi kwa 130 hivi. Ukienda kwenye milioni kumi inazidisha, kwenye bilioni inazidisha, na popote ambapo mtu amewahi kuhesabu, inazidisha. Hapakuwa na mtaalamu aliyekosa uzoefu wa namba tasa, na machale ya wengi wao yaliwaambia kwamba itazidisha daima. Mwaka 1914 mwanahisabati Mwingereza J. E. Littlewood alithibitisha kwamba sivyo: kuna mahali ambapo fomula inapunja badala ya kuzidisha, na mageuko ya namna hiyo hayana mwisho. Leo inajulikana kwamba mahali pamoja pa aina hiyo papo jirani na namba yenye tarakimu 317, mbali kuliko ambako mashine yoyote itafika kwa kuhesabu moja moja. Ungeishi miaka mingapi, ukizoea namba ngapi, ndipo machale yako yakuambie hilo?

Kuna na kisa cha Cantor, mwanahisabati wa Ujerumani. Mwaka 1877 alikuwa na uthibitisho kwamba nukta zilizo katika mraba mzima zinaweza kulinganishwa moja kwa moja na nukta zilizo katika mstari, bila kubaki hata moja. Alimwandikia mwanahisabati mwenzake, Dedekind, kwamba analiona jambo hilo lakini haliamini. Mtu mmoja, karatasi moja, na moyo ukiukataa mkono wake mwenyewe. Mkono ndio uliokuwa sahihi.

Msimamo wangu ni mfupi. Machale ni ya kuamua uanze kutafuta wapi. Hayana kura katika kuamua ulichopata.

---

Fundi wa Zamu alijibu:

Ndugu Mdadisi uliomba wa mitambo tuseme, nami sikusoma hisabati ya juu, lakini natengeneza mota na pampu za maji, na nina jambo la kueleza ambalo huenda likamsaidia Mwalimu kumjibu Thibitisha.

Mota inapounguruma bila kuzunguka, karibu kila fundi atakwambia ni kapasita, yaani kile kifaa kinachoisaidia mota kuanza kuzunguka. Mimi pia. Kwa miaka mingi nilikuwa nikifika, naisikia ile sauti, nafungua kifuniko, natoa kapasita ya zamani, naweka mpya, nafunga nyaya, mota inazunguka, ninaondoka. Nilijiona nina sikio. Wenzangu pia walisema nina sikio, na vijana niliokuwa nikiwafundisha kazi niliwaambia wasikilize kwanza, kipimo baadaye.

Siku moja nilifika mahali nikiwa nimesahau kapasita mpya. Nilikuwa nimekwisha kuitoa ya zamani, na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaipima, ambalo ni jambo nililokuwa nimeacha kulifanya. Ilikuwa nzima kabisa. Nikairudisha ileile, nikasafisha ncha za nyaya, nikakaza skrubu, nikawasha. Mota ikazunguka. Hitilafu ilikuwa waya uliolegea na kuota kutu, na nilikuwa nimeuponya bila kujua kwa sababu tu nilikuwa naufungua na kuufunga upya.

Nilikaa chini. Nilijiuliza: katika kapasita zote nilizobadilisha, ni ngapi zilikuwa mbovu kweli? Sina njia ya kujua, maana za zamani nilizitupa. Kila mara mota ilizunguka, na kila mara nilihesabu kuwa sikio langu limepatia. Uzoefu niliokuwa nao ulikuwa wa kweli, lakini hakuna siku hata moja ambayo kazi yenyewe iliwahi kunisahihisha, kwa kuwa tiba ya ugonjwa nilioudhania ilikuwa pia inatibu ugonjwa nisioujua.

Tangu hapo napima kila ninachokitoa, hata kama mota imekwisha kuzunguka, na matokeo nayaandika kwenye daftari. Sikio sijaliacha. Bado ndilo linaloniambia nianze na nini, na mara nyingi linapatia. Lakini sasa najua kuwa kuna sauti mbili ambazo nilikuwa nazisikia kama moja: mota yenye kapasita mbovu kweli huwa inaunguruma kwa sauti tulivu isiyobadilika, na yenye waya uliolegea mara nyingi sauti yake inayumba. Tofauti hiyo ilikuwepo masikioni mwangu miaka yote. Sikuisikia mpaka nilipoanza kujua majibu.

---

Nusukipenyo alijibu:

Fundi, umesema kwa daftari moja nililokuwa nikilitafuta kwa aya nyingi. Wanasaikolojia wawili waliokuwa wakipingana kuhusu jambo hili, Daniel Kahneman aliyeyatilia shaka machale na Gary Klein aliyeyasifu baada ya kuwachunguza makamanda wa zimamoto, waliandika makala pamoja mwaka 2009 na wakakubaliana juu ya masharti mawili: mazingira yawe na utaratibu unaoweza kujifunzika, na mtu awe amepata nafasi ya kutosha ya kuujifunza utaratibu huo kwa kuona matokeo ya maamuzi yake. Walikubaliana pia kwamba ukubwa wa uhakika anaousikia mtu si ushahidi kwamba amepatia. Mota zako zilikuwa na utaratibu. Kilichokosekana ni matokeo yaliyo safi.

Ndugu Thibitisha, pingamizi lako la kwanza ni la haki, na nakubali nililiachia mlango wazi. Lakini si kweli kwamba lazima tusubiri jibu. Kuna swali ambalo mtu anaweza kujiuliza kabla: nikiongeza kitu kimoja, naweza kusema ni nini hasa kitatokea, na wapi? Mdadisi angeulizwa kuhusu namba witiri, angeonyesha kwa kidole mahali ukanda mpya utakapolala. Angeulizwa kuhusu duara kwa nini nukta ya sita ikate kila kipande kilichopo mara moja na moja tu, angenyamaza, kwa sababu haikati hivyo. Kuna vipande ambavyo mistari mipya haivigusi kabisa. Kunyamaza huko ndiko alama aliyoiomba. Haionekani katika hisia. Inaonekana mtu anapojaribu kuihoji.

Kuhusu namba tasa, nakubali mfano wako kwa mikono miwili, ila naomba niuongezee upande ulioachwa. Tabia ya fomula ile kuzidisha ilikuwa na sababu iliyokwisha kudokezwa katika makala ya mwanahisabati Riemann ya mwaka 1859: kwa namna fulani fomula inahesabu pamoja na namba tasa vipeo vyake pia, kama 4, 8, 9 na 25. Anayeiona sababu hiyo anaona vilevile kwamba ziada yenyewe ni ya kiasi, na kwamba juu yake kuna mawimbi yanayopanda na kushuka. Swali linakuwa kama mawimbi yanaweza siku moja kuimeza ziada. Sisemi kwamba Littlewood aliona jibu bila kuthibitisha. Nasema aliyetazama orodha ya namba peke yake alikuwa na koti, na aliyetazama mawimbi alikuwa na uso wa kuanzia kutilia shaka.

---

Msomaji wa Pembeni alijibu:

Nashangaa hakuna aliyemtaja Poincaré, mwanahisabati wa Ufaransa, kwa kuwa yeye alilisimulia jambo hili kwa ushahidi wa nafsi yake, katika mhadhara wa Paris uliochapishwa mwaka 1908. Alikuwa amehangaika kwa siku kumi na tano akijaribu kuthibitisha kwamba funksheni za aina fulani haziwezi kuwepo. Usiku mmoja, baada ya kunywa kahawa kinyume cha desturi yake, mawazo yalimsonga hata usingizi ukakataa, na asubuhi alikuwa amekwisha kulipata kundi zima la funksheni hizo. Baadaye alikwenda safari ya kijiolojia na kusahau hisabati. Walipofika Coutances, akiwa anaweka mguu kwenye ngazi ya gari la abiria, likamjia wazo kwamba mageuzi aliyoyatumia katika kuzieleza funksheni zile ndiyo yaleyale ya jiometri isiyo ya Euclid, yaani isiyofuata kanuni ya mistari sambamba tunayofundishwa shuleni. Aliendelea na mazungumzo aliyokuwa nayo na mwenzake, akiwa na hakika kamili, na akaja kuhakiki aliporudi Caen.

Watu hukisimulia kisa hiki wakaishia kwenye ngazi ya gari. Mimi napenda zaidi mambo mawili aliyoyaongeza mwenyewe. La kwanza ni kwamba mwanga wa namna hiyo haukuwahi kumjia bila siku kadhaa za kazi ya makusudi iliyoonekana kuwa bure. La pili, linalomhusu Mdadisi moja kwa moja, ni kwamba hakika hiyo ilimdanganya mara kadhaa bila kupungua nguvu hata kidogo, na aliliona hilo hasa kwa mawazo yaliyomjia akiwa kitandani, kati ya kulala na kuamka. Yeye naye hakuipata alama ya ndani.

Kwa Mwalimu nina swali dogo. Kama machale ni utambuzi, Poincaré alitambua nini, ikiwa uhusiano huo hakuna mtu aliyewahi kuuona kabla yake?

---

Nusukipenyo alijibu:

Ni swali gumu, na jibu langu ni nusu tu. Uhusiano ulikuwa mpya, lakini pande zake mbili alizijua. Nadhani alichokitambua ni kufanana, yaani kuona uso wa ndugu mmoja katika uso wa mwingine aliyedhani hawana nasaba. Kwa nini kufanana huko kujitokeze mguu ukiwa kwenye ngazi na si juu ya meza, hilo sitajifanya nina maelezo.

---

Mdadisi wa Jioni aliandika:

Nawashukuru nyote. Nimefanya jambo moja tangu nilipoyasoma majibu, nami nitalieleza kwa kuwa limenifurahisha.

Niliazima daftari la Fundi, namaanisha wazo lake. Kabla ya kila zoezi naandika kisio langu, na mbele yake naandika nimeliona katika nini: katika umbo, katika orodha, au sijui. Kundi la "sijui" limekuwa kubwa kuliko nilivyotarajia, na baadhi ya makisio yaliyomo ni sahihi, jambo ambalo bado silielewi.

Jana usiku nilirudi kwenye duara. Niliandika kisio la nukta saba kabla ya kuchora: jozi 21, makundi ya nne 35, na moja, jumla 57. Kisha nikachora kwa mkono, duara kubwa lililojaa karatasi, nikaweka namba ndani ya kila kipande kwa kalamu ya risasi ili nisirudie. Nikapata 56.

Nilipoona 56 sikuitilia shaka fomula, wala sikuhesabu upya. Nilianza kutafuta mahali ambapo mistari mitatu imepita pamoja. Nilipapata upande wa kushoto, karibu na katikati, pakiwa na doa jeusi ambalo nilikuwa nimelichukulia kuwa ni makutano ya kawaida. Niliichonga kalamu, nikaichora upya ile mistari mitatu kwenye karatasi nyingine kwa rula, na pale palipokuwa na doa pakabaki pembetatu ndogo sana, ambayo namba 57 haikuenea ndani yake, ikabidi niiandike pembeni na kuchora mshale.